Maji ya Mto kwa Ba

Mwanahawa wa Tanga ana kiburi kimoja tu, nacho ni kusugua. Mpe sufuria iliyoungua mpaka ikakata tamaa, atakurudishia ujitazame uso. Miaka minne sasa anamtunza bibi mmoja wa Kigujarati katika ghorofa ya nne, juu ya maduka ya vitambaa ya Bur Dubai, na nyumba ile haijawahi kung'aa namna hii. Nampenda Mwanahawa, lakini kiburi hicho nusura kimtoe roho.

Bibi mwenyewe kila mtu humwita Ba, ndiyo mama kwa Kigujarati. Alizaliwa Unguja, akaja Dubai na mumewe angali binti, na Kiswahili chake amekihifadhi vizuri kuliko meno yake. Kwa hiyo familia ilitafuta Mtanzania. Kila asubuhi Mwanahawa humwogesha, humsuka nywele, kisha wanagombania chumvi ambayo daktari ameikataza. Hugombana Kiswahili ili mkwe, yule madam, asielewe.

Februari ya mwaka 2025 Dilesh, mtoto wa pekee wa Ba, alikwenda na mkewe India, mji wa Prayagraj. Pale Mto Ganga unakutana na Yamuna, na mamilioni ya Wahindu walikuwa wanakwenda kuoga ili waoshwe dhambi zao. Ba alilia kama mtoto akitaka kwenda. Daktari akasema moyo ule haupandi ndege. Basi mama na mwana wakakubaliana hivi: Jumatano, siku ya mwisho ya kuoga, Dilesh angepiga simu akiwa mtoni, na wakati uleule anapozama, Ba naye angeoga nyumbani.

Jumanne madam alituma ujumbe wa sauti. Shaba zote za chumba cha sala zing'arishwe kabla ya kesho. Alirudia neno "zote" mara mbili, na kwa Mwanahawa hilo lilikuwa sawa na kualikwa harusini. Akaloweka ukwaju, akachukua chumvi, akaanza. Akamaliza taa, kengele na visahani vya maua. Katika kabati la chini, nyuma ya kitambaa chekundu, akakuta gudulia dogo la shaba lililokuwa jeusi kwa uzee, mdomo umezibwa na kitu kigumu. Akadhani ni nta ya mishumaa iliyodondoka miaka nenda rudi. Akaikwangua kwa kisu. Ndani mlikuwa na maji, na kwa akili yake maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu. Akayamwaga kwenye sinki la jikoni, akasugua gudulia mpaka likawa jekundu kama jipya, akalirudisha mahali pake, akajisifu.

Jumatano saa tatu asubuhi Ba alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha kuogea, kanga kifuani, simu imewekwa juu ya rafu.

"Mwanangu, kanletee gudulia lililo nyuma ya kitambaa chekundu," alisema. "Usilitikise. Baba Dilesh alikwenda mtoni miaka thelathini na sita iliyopita, akateka maji mwenyewe, akaziba kwa nta mbele ya kuhani. Akanambia, siku yako ya kufa nitakutilia mdomoni. Akatangulia yeye. Leo ntayachanganya kwenye ndoo nioge, tone moja ntaliweka kwa ile siku."

Mwanahawa alisema, "Sawa, Ba." Sijui alitoa wapi sauti.

Jikoni alikaa chini sakafuni, akampigia Trinah, rafiki yake Mganda anayelinda hoteli moja ya Dubai Marina. Akamweleza kwa kunong'ona, akilia.

"Wewe Mwana, sikia," Trinah alisema. "Maji iko maji tu. Jaza ya bomba, weka nta, khalas. Bibi macho yake haioni vizuri. Ukisema, kesho uko kwa ndege, na visa wanafuta. Watoto wako watakula nini? Yalla, fanya haraka."

Akafanya. Aliona aibu hata alipokuwa akifanya, lakini alifanya. Alijaza gudulia kwenye sinki lilelile, akayeyusha mshumaa, akaziba, akapaka nta masizi ya jiko ionekane ya zamani. Kwa haraka akajiunguza kidole gumba. Hivyo ndivyo mtu mwema anavyogeuka tapeli, kwa robo saa tu.

Alipolileta bafuni, Ba alilipokea kwa mikono miwili.

"Umelisugua," alisema.

"Madam alisema shaba zote, Ba."

"Limependeza."

Saa nne ikafika, simu kimya. Saa nne na robo, kimya. Mtoni watu ni wengi, sir Dilesh hajapata nafasi. Ba hakutaka kushuka kwenye kiti wala kuliweka gudulia chini. Mwanahawa alisimama na kopo la kuogea mkononi, akiomba simu ilie, tena akiomba isilie. Mungu yupi angesikiliza maombi ya namna hiyo?

Alimkumbuka mama yake Tanga. Kabatini kwa mama yake kuna chupa ya maji ya zamzam iliyoletwa kutoka Makka na hujaji mmoja, imefungwa kwa kitambaa cheupe, inangoja saa ya mwisho ya mama huyo. Watoto wote wa nyumba ile walijua kwamba chupa hiyo haiguswi. Mwanahawa akajiuliza angemfanya nini mtu ambaye angeijaza maji ya bomba halafu akanyamaza. Jibu alilijua, na halikuwa zuri.

Ba aliinua gudulia, akaligusisha kwenye paji la uso.

"Jamnadas," alisema.

Wanawake wa rika lake na kabila lake hawatamki jina la mume. Miaka minne Mwanahawa alikuwa amesikia "Baba Dilesh" peke yake, wala hakujua kama marehemu alikuwa na jina jingine. Ba alilitamka tena, polepole, machozi yakishuka, na kidole chake kikaanza kutafuta ukingo wa nta.

"Ba, usifungue!" Mwanahawa alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji. "Siyo yenyewe. Ya mumeo niliyamwaga jana. Nilidhani uchafu. Hayo nimejaza mimi, ya bomba. Nilitaka kukudanganya, Ba. Nilikuwa nakudanganya mpaka sasa hivi."

Ba aliondoa kidole kwenye nta.

"Uliyamwaga wapi?"

"Sinki la jikoni."

"Tunapooshea vyombo."

"Ndiyo, Ba."

Mikono ya bibi ililegea. Gudulia likaanguka, likabingirika hadi ukutani. Mwanahawa akaogopa ule moyo wa bibi. Hapo ndipo simu ilipolia.

Mwanahawa aliweka sauti kubwa. Kelele za maelfu ya watu zilijaa bafuni. Dilesh alipaza sauti kwa Kigujarati. Ba alimjibu neno moja, kisha akamgeukia Mwanahawa.

"Jaza ndoo."

Alijaza. Ba aliinama, akaweka kiganja juu ya maji, akataja majina: Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu, Kaveri. Mwanahawa aliyatambua maneno hayo. Ba huyanong'ona kila asubuhi juu ya ndoo, na yeye siku zote alidhani bibi analalamikia baridi.

"Naiita mito ije humu," Ba alisema, bila kumtazama. "Huja kwa anayeita. Mume wangu haji. Mwaga."

Mwanahawa akammwagia kichwani mara tatu, huku upande wa pili, simu ikiwa kwa mkewe, wakimsikia Dilesh akizama na kuibuka akikohoa. Ba alikuwa akilia waziwazi, na Mwanahawa naye.

"Mwana!" sir aliita kwa Kiingereza. "Nta ya baba ilikuwa nzima?"

Ba aligeuza uso ukutani. "Mwambie mwenyewe," alisema.

Akamwambia yote, hadi masizi. Sauti ya sir ikalipuka kwa Kigujarati, na mara mbili Mwanahawa akasikia neno "tiketi". Ba alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa ufupi, akaashiria simu ikatwe.

Mwanahawa akamfuta maji, akamfunga kanga kavu.

"Kasema wende kwenu wiki hii," Ba alisema hatimaye. "Nimemwambia haya, akufukuze, kisha kila asubuhi aje yeye anivue nguo aniogeshe. Kanyamaza." Akavuta pumzi. "Nimekukasirikia, Mwanahawa. Sijui hasira hii itakwisha lini, na chumba cha sala usikikanyage tena. Sasa nisuke nywele, maji yananiingia shingoni."