Siku Tuliyokwenda Kibondo Kununua Gari

Mzee wangu aliendesha magari ya watu maisha yake yote, na kila jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana wanangu waliposikia baba yao anataka kununua gari walisema uzee umempanda kichwani. Aliendesha lori la misheni, akaendesha la serikali, akaja kuendesha yale magari meupe ya mashirika yaliyokuja na wakimbizi. Alibeba saruji, mahindi, wajawazito, maiti, na siku moja kuku wa padri waliomchafulia kiti chote cha mbele. Kisha anaegesha, anakabidhi funguo, anatembea. Kutoka kwenye gereji yao hadi kwetu hapa Makere ni mwendo wa saa nzima. Nilikuwa naijua harufu ya dizeli kabla sijaisikia sauti yake.

Majina ya mabosi wake wote ninayo, hata la yule aliyekaa mwezi mmoja tu akahamishwa. Wanangu wameniambia nisiyaandike kwa sababu wengine wangali hai. Basi nimeyaacha. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina likishaingia kwangu halitoki.

Lami ilipofika kwetu, mzee alikuwa ameshastaafu. Alikwenda kuitazama kila siku, anaikanyaga kwa kiatu kama mtu anayejaribu kitanda. Jioni moja akarudi, akaketi, akasema, "Mama watoto, sasa gari ndogo inaweza kuishi hapa."

"Gari ndogo ya nani?"

"Yangu."

Hakutaka pikapu ya kubebea muhogo. Alitaka gari ya chini, nyeusi, ya kifahari, ya viti vya ngozi, yenye injini ya silinda sita. Zamani aliwahi kumwendesha mkubwa fulani kutoka Dar kwa siku mbili katika gari ya namna hiyo, na hizo siku mbili amenisimulia miaka ishirini. "Ukikanyaga haipigi kelele," alikuwa akisema. "Inavuta pumzi tu, halafu miti inaanza kurudi nyuma." Mimi nikimsikia najibu ndiyo, ndiyo, huku nachambua maharage.

Miti ya mbao aliyoipanda alipostaafu ilikuwa imekomaa. Akaiuza. Kila mtu akajua kwamba mzee hatanii.

Binti yetu wa mwisho ni muuguzi mjini Kasulu, na ana leseni. Ndiye aliyetumwa na wenzake kuja kumzuia, maana wao walitaka anunue mashine ya kusaga.

"Baba, hiyo ni gari ya masharobaro," alimwambia. "Chukua basi hata gari ya juu kidogo, ikupitishe shambani."

"Shambani nitakwenda kwa miguu, nimezoea. Hii nataka niiendeshe mimi, ya kwangu, kwa mikono yangu. Mara moja tu nishuke kwenye gari nyumbani kwangu nifunge mlango. Ni dhambi?"

Binti akanitazama mimi. Nikasema, "Muache baba yako."

Lakini nilikuwa na neno ambalo sikulisema. Mzee alikuwa ameanza kumimina chai pembeni ya kikombe. Alikuwa hamsalimu mtu njiani mpaka huyo mtu afungue mdomo, halafu anamchangamkia kupita kiasi, kama anayeficha kitu. Nilijiambia ni uzee, hata mimi naweka chumvi mara mbili. Niliogopa tu kwamba ndoto yake isije ikafika siku macho yameshaondoka. Ndiyo maana nilisema amuache. Nilitaka awahi.

Gari ilipatikana Kibondo. Afisa mmoja wa serikali, kijana wa Iringa, alikuwa amehamishiwa kusini, akaamua kuiuza kabla ya kuondoka. Tukaenda watatu, mzee, mimi na binti. Mzee alivaa koti lake la harusi za watu, na viatu akavipaka rangi mpaka soli.

Tukaikuta chini ya turubai. Kijana alipolivuta, jamani, sikatai, ilikuwa nzuri. Nyeusi ya kung'aa, unajiona ndani yake kama kwenye kisima. Mzee aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo.

"Ya baridi," akasema. "Vizuri. Hujaipasha moto kabla hatujafika."

Kijana akacheka. "Mzee unazijua mbinu."

Akaizunguka gari yote kwa mikono. Alipitisha vidole kwenye milango, akapapasa tairi moja moja, akachomoa kile kijiti cha oili akakinusa, akainamisha sikio injini ilipowashwa. Kijana akamnong'oneza binti yangu kwamba huyu baba ni fundi haswa. Nikajivuna. Wala halikunijia wazo kwamba mtu anaweza kukagua kwa mikono kwa sababu nyingine.

Kisha ikawa zamu yangu. Kwetu mtu akinunua ng'ombe hahangaiki sana na ng'ombe mwenyewe. Anauliza alizaliwa boma la nani, nani alimkamua, nani alikuwa akimpiga. Ng'ombe aliyelelewa na mtu wa hasira anabaki na hasira. Mimi gari sijui, lakini watu nawajua.

"Mwanangu, gari hii uliipata kwa nani?"

"Kwa daktari mmoja, bibi. Alikuwa Kasulu hapo."

"Daktari gani?"

Akanitajia jina. Nilimfahamu, alinipasua jipu la mgongoni na sikusikia chochote. Mtu mrefu, mpole, mke wake alikuwa akishona. Nikamtajia kijana jina la mke, na majina ya watoto wote watatu, na la yaya wao aliyeolewa Muyama kwenye ukoo wangu. Kijana akabaki ameduwaa.

"Na kabla ya daktari?"

"Kabla yake ilitoka Japani, bibi."

"Japani kwa nani?"

"Kwa... Mjapani."

"Mjapani gani?"

Binti yangu aligeuka akatazama ukuta, mabega yanatikisika. Kijana alikuna kichwa. "Bibi, kwa kweli huyo simfahamu."

"Umekaa na kitu miaka yote hiyo hujauliza kilikotoka?"

"Mama watoto," mzee akasema, "muache kijana. Mjapani hatakuja hapa kudai mahari."

Tukacheka wote. Nikasema, haya, kama daktari aliilea, mimi sina la zaidi. Kadi ya gari binti aliisoma mwenyewe mara mbili, ikawa sawa, jina ni la kijana.

Lililobaki lilikuwa kuijaribu barabarani.

Kijana alisita kidogo. "Mzee, hii si lori lakini. Ukiigusa inaruka."

"Wewe kaa, ufunge mkanda," mzee akamjibu, na kweli alikuwa amekuwa kijana kuliko huyo kijana. Akaketi kwenye usukani, kijana kando yake, mimi nyuma ya mzee, binti pembeni yangu. Ile gari ni ya chini! Niliingia kwa makalio kama naketi kwenye kigoda, na nilijua kutoka nitahitaji kuvutwa.

Tukashika lami ya kuelekea Kasulu. Sijui nieleze vipi. Alikanyaga na ikawa kama alivyosema, haikupiga kelele, ilivuta pumzi, na miti ikaanza kurudi nyuma. Shingo yake niliyoizoea ilinyooka. Mikono imetulia, kama mtu aliyeshika mtoto anayelala. Kijana akasema, "Aisee, mzee ni rubani." Na mimi nilikuwa nacheka mwenyewe huko nyuma, nacheka tu bila neno.

Mbele nikaona mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Nikangoja mzee apunguze. Hakupunguza. Nikasema, "Baiskeli," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepiga soga. Akapunguza palepale, akaipita vizuri kabisa.

Nikaacha kucheka.

Kilima, kona, akaichukua vizuri, maana barabara hiyo anaijua kwa mwili wake wote. Kisha mbuzi wakatokea kwenye majani, wawili, watatu, wanavuka. Nikangoja tena. Mungu anisamehe, nilingoja kwa makusudi, kidogo tu, nijue. Mguu wake haukusogea.

"Impene!" nikapiga kelele. Ndiyo mbuzi, kwa Kiha.

Akakanyaga breki, gari ikasimama kwa adabu, mbuzi wakapita wanatutazama. Kijana akasema, "Umeona breki zake, mzee? Zinakamata kama mpya!" Yeye alikuwa anauza, hakuona kitu kingine. Lakini binti alinishika kiganja akakiminya mpaka pete ikaniuma.

Kijana wa Iringa Kiha hajui. Basi nikainama karibu na sikio la mume wangu, nikamuuliza kwa lugha yetu, taratibu, "Umewaona wale mbuzi?"

Injini ile hata husikii kama inawaka.

"Nimekusikia wewe," akasema.

"Na baiskeli?"

"Nilikusikia wewe."

Kisha akazima gari. Akafungua mlango, akatoka, akasimama kando ya lami akiwa ameshika paa la gari. Hakulia, yeye si mtu wa kulia. Aliweka koti lake sawa, kifungo kwa kifungo. Binti akatoka akamshika mkono, akaingia kwenye usukani yeye, na mzee akaja kuketi nyuma pamoja nami.

"Kuna tatizo?" kijana akauliza. Alikuwa ameshtuka. "Mzee, kama ni bei tutaongea."

"Gari haina tatizo," mzee akasema.

Binti akaturudisha Kibondo. Tulipofika, kijana alikwenda ndani kutuletea soda, na mzee akaniambia twende, mashine ya kusaga ingekuwa na maana zaidi, watoto walisema kweli, sasa ya nini? Alisema kwa upole sana, na upole huo ndio ulionikasirisha. Mtu aliyekuwa akinisimulia miaka ishirini, leo ananiambia mashine ya kusaga!

Mimi katika maisha yangu kitu kikubwa nilichowahi kununua ni cherehani. Lakini kijana alipotoka na soda nikamwambia, "Tunaichukua."

"Mama!" binti akasema.

"Wewe utaendesha. Utakwenda nayo kazini, na Jumapili utakuja nayo nyumbani. Ni ya baba yako."

"Ya kazi gani?" mzee akauliza.

"Ulitaka kushuka nyumbani kwako ufunge mlango. Kuna mlango upande wa abiria pia. Nyamaza, kunywa soda."

Akanywa. Tukafika Makere mchana watu wakiwa barabarani, pamoja na wale kina mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi wanaouza vitenge, wakatupigia vigelegele. Mzee akashuka, akafunga mlango. Akaufungua tena, akaufunga tena, asikie unavyofunga.

Hospitali walisema ni presha ya macho, imekula sana, matone yatazuia kilichobaki tu. Binti alimgombeza wodini kwa kuficha, na baba mtu akamsikiliza kama mtoto wa shule. Barabarani asiendeshe tena kamwe, hilo lilikwisha, na alilikubali kuliko nilivyotegemea. Lakini Jumapili binti akija, mzee alikuwa anakwenda kukaa kwenye kiti cha mbele cha kulia gari ikiwa imezimwa, mikono juu ya usukani. Alikuwa anadhani nipo jikoni.

Nikavumilia Jumapili tatu. Ya nne nikaenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama wa Kiislamu aliyeletwa huku kutoka Tanga, tunapatana sana, namletea mawese. Nikamuomba uwanja wa mpira.

"Wa nini, bibi?"

Nikamwambia. Aliondoa miwani, akaifuta kwa mtandio, akasema nisubiri aite mlinzi awafukuze mbuzi.

Tukapeleka gari uwanjani baada ya ibada. Mlinzi akazuia watu mbali kule kwenye madarasa. Binti na mwalimu mkuu wakasimama kwenye ngazi za ofisi, binti mikono kichwani. Mzee kwenye usukani, mimi kando yake, mkanda nimeufunga, nimeshikilia kiti kwa mikono yote miwili.

"Nyasi," nikamwambia. "Mbele nyasi tupu, mpaka goli la pili."

Akaondoka polepole. Akazunguka raundi moja, akazunguka ya pili, na katika ya tatu nikaona shingo imenyooka kama ile siku.

"Tumefika ngapi?" akauliza.

Namba nazijua. Mshale ulikuwa kwenye arobaini. "Themanini," nikasema.

"Muongo wewe! Injini ya themanini haisemi hivi."

"Haya, arobaini. Kata kulia, goli hilo."

Akakata, tukaliacha upande wangu, wavu umechakaa unapepea karibu na dirisha. Akauliza mbele kuna nini. Nikatazama vizuri, kushoto na kulia, hadi kwenye migomba ya mwisho wa uwanja.

"Hakuna kitu," nikamwambia.

Akakanyaga.