Walipokuja Kuchukua Tangi

Kiwanda alichofanyia baba kazi kilipopunguza siku zake kutoka sita hadi tatu kwa wiki, mimi niliona nimepata nafasi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na nilikuwa na maoni juu ya kila kitu nyumbani kwetu karibu na Kyumbi, Machakos. Nilichukua daftari, nikapiga mistari, mapato upande huu na matumizi upande ule, kisha nikaita kikao.

"Nyama ya Jumapili ni ya nini?" niliuliza. "Na haya mazishi tunayochangia kila wiki, hawa wote wanaokufa tunawajua?"

"Mwaitu," baba akasema, "hata mimi utanikata?"

Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni "mama yangu". Baba huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake, na amezoea kunitii, nusu mzaha, nusu kweli. Alikubali kuacha nyama. Mama alikubali kila kitu upesi mno, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili niliyodhani ninayo.

Kulikuwa na deni ambalo halikuwa kwenye daftari langu. Tangi letu la lita elfu tano, lililosimama kando ya jikoni, mama alilinunua kwa mkopo wa chama chake cha akina mama, na tangu mshahara upungue alikuwa hajalipa hata shilingi. Sheria ya chama chao ni fupi: ukikaa miezi mitatu bila kulipa, wenzako wanakuja kuchukua kile kitu. Miezi mitatu ilikuwa imetimia. Bila tangi tungerudi kununua maji ya mtungi, kwa maana mfereji wa mtaa wetu hutoa maji siku moja kwa wiki, na siku zilizobaki hutoa upepo.

Mama alituambia tu, "Jumamosi kuna wageni wa chama." Aibu ilimzuia kuongeza neno.

Baba alisikia wageni, na hakuhitaji kusikia zaidi. Alivuka barabara kwa jirani, akarudi na kuku wawili wa deni, mmoja kila kwapa.

"Hao hawako kwa bajeti," nikamwambia.

"Wanawake wa watu wamesikia kazi imepungua, wanakuja kutupa pole. Niwape chai kavu?"

Niliandika kuku wawili kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi walikuja saba, na nyuma yao mzee mmoja akivuta mkokoteni mtupu, ambao aliuegesha langoni. Sikuuliza ni wa nini. Mimi, ninayeuliza hadi chumvi inatoka wapi! Walikula kwa bidii. Baba mwenyewe alizunguka na sufuria akiwaongeza supu, akiwashukuru kwa kutukumbuka. Mweka hazina alilamba kidole cha mwisho, akafuta mikono, akatoa kitabu kwenye kiondo.

"Sasa tumeshiba, tuongee," akasema. "Tumekuja na mkokoteni."

"Wa nini?" baba akauliza.

"Wa tangi."

Baba alimtazama mama, akatazama mifupa kwenye sinia. "Kumbe nimewapikia madalali!"

Waliangua kicheko. "Na umewapikia vizuri," mwenyekiti akasema. "Ungesema mapema, ungekuwa unatulipa kwa kuku."

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikubali bajeti yangu bila kubisha.

Tulitoka nje sote. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Mzee wa mkokoteni aligonga tangi chini, katikati, kisha juu karibu na kifuniko, na kote likatoa sauti ile ile nzito.

"Hii imejaa," akasema. "Siwezi. Mmwage maji kwanza."

Hakuna aliyesogea. Mfereji wa tangi ulikuwa pale pale, wa kuzungusha kwa vidole viwili. Mweka hazina alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama mzee. Nimesoma mambo mengi juu ya madeni na dhamana, lakini sikuwahi kusoma kwamba unaweza kuokolewa na jambo hili: katika Machakos nzima hutapata mtu wa kumwaga maji safi chini.

"Wewe wa daftari," mwenyekiti akaniambia mwishowe. "Leta hiyo kitu yako."

Alipitisha kidole kwenye mistari yangu. "Hapa kwa mapato uko na mshahara wa baba peke yake. Na haya maji?"

"Maji ya mvua?" mama akadakia. "Ya Mungu? Nitamuuziaje jirani maji ya Mungu?"

"Maji ni ya Mungu. Tangi ni letu." Akashuka hadi upande wa matumizi. "Na hizi bando za simu ni za nani?"

Baba alikohoa kwa furaha. Zilikuwa zangu, zinazidi nyama ya Jumapili, na sikuwa nimeona sababu ya kuzipunguza.

Waliamua hapo hapo: tangi libaki, maji yauzwe shilingi ishirini kwa mtungi, na muuzaji awe mimi, kila asubuhi, pesa ziende moja kwa moja kwa mweka hazina. Niliuliza kwa nini mimi. "Kwa sababu umesoma," wakasema, wakaondoka na mkokoteni wao mtupu.

Mvua ilipokwisha tulinunua maji ya lori, tukayauza mtungi kwa mtungi, na kilichobaki kilitosha kulipa mwezi baada ya mwezi. Nilijifunza kuvumilia majirani wanaoapa kwamba mtungi wao ni mdogo kuliko unavyoonekana. Mama alianza tena kuimba jikoni, kwa sauti isiyo nzuri.

Siku ya malipo ya mwisho nilimsindikiza kwenye mkutano wa chama. Walimpigia makofi. Alisimama kushukuru, akashukuru sana, kisha kabla hajaketi akaomba mkopo wa tangi la pili.

"Mdhamini wako ni nani?" mweka hazina akauliza.

Wote wakanigeukia. Niliuliza maswali manne, wakajibu matatu, nikatia sahihi.