Mapovu ya sabuni yalivyomsogeza binti yangu mwenye usonji kwa wenzake

Wakuu, heshima zenu. Haya ni ya nyumbani kwangu, Chamazi, na sijatia chumvi.

Binti yangu Nasra ana miaka saba, ana usonji. Maneno anayo machache, na watu alikuwa anawakwepa. Watoto wa jirani wakija uani, anajibanza nyuma ya pipa la maji.

Mtaani mnapajua. Mara waseme kadekezwa, mara ana shetani. Mie nalia zangu jikoni.

Siku moja mwalimu wake wa kitengo maalumu pale shuleni akaniuliza, "Mama Nasra, mtoto anapenda nini kuliko vyote?"

Nikamwambia mapovu. Ukimpulizia mapovu ya sabuni anaruka mpaka anahema.

"Basi hiyo ndiyo zawadi yake. Akijitahidi hata kidogo, mpulizie hapohapo na umsifie. Ukichelewa hatajua ni ya nini."

Tukaanza na kidogo mno. Akimtazama Zuhura, mtoto wa jirani, napuliza. Alipozoea nikapandisha dau: mpaka amrushie mpira.

Kuna siku mbovu pia, jamani. Alimng'ata Zuhura mkono, nikajua basi, urafiki umekufa. Mama Zuhura akaniambia, "Wangu wenyewe wanang'atanaga kila siku. Kesho namleta tena."

Yule dada Mungu amlipe.

Mama mkwe alipokuja kutoka Mtoni akanikuta napuliza. "We mama Nasra, si unamhonga mtoto huyu? Siku mapovu yakiisha je?"

Lilinichoma, maana hata mie nilikuwa na woga huohuo. Mwalimu akasema nipunguze taratibu: mara napuliza, mara namsifia tu na kumkumbatia.

Sasa juzi Zuhura aliamka na homa, hakuja. Nasra akazunguka uani weee. Kisha akachukua mpira, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwao.

"Zuu," akaita. "Zuu, njoo."

Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyempulizia kitu. Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mchele. Akaacha ungo, akajifuta macho kwa kanga.

Wakuu, nilichojifunza: zawadi si lazima iwe ya gharama, ila iwe ile anayoipenda mwanao, na aipate palepale. Usimlinganishe na wa jirani.

Wenye watoto kama wangu, nyie mnatumia nini? Nasra sasa nataka ajifunze kungoja zamu yake, na hapo bado nimekwama.