Sauti Niliyomwibia Mama Zaina

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi mpevu, mwanangu, zile siku ambazo wavuvi wa Rumonge hawatoki, kwa kuwa mbalamwezi huzishinda taa zao na ndagala, hao dagaa wetu wa ziwani, hawazifuati. Siku hizo kibanda chetu cha video kilijaa hadi mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri. Filamu zilikuja na lugha za mbali, nami nilisimama kando ya televisheni nikiwa na kipaza sauti, nikiwatia waigizaji Kiswahili mdomoni.

Leo umekuja kuniaga, unakwenda Bujumbura kusoma sinema na televisheni, na namna zinavyoishi na watu. Nimefurahi. Lakini kabla hujafunga mzigo nisikilize, maana hili huwa silisemi kwa raha.

Lugha zile sikuzijua. Nilikuwa na Kifaransa kidogo cha shule, basi. Yaliyobaki niliyatunga. Nilipoona watu wanacheka, nikazidisha: jambazi nikampa jina la kinyozi wetu, polisi mnene nikamfanya jirani. Watu walipenda kuuona mji wao ndani ya kioo, nami sifa zikanilevya.

Mchana ule filamu ilikuwa ya mwanamke anayemtilia mkwewe sumu. Sijui shetani gani alinipitia. Nikampa sauti ya Mama Zaina, mjane aliyeuza mawese sokoni, mafuta aliyoyafuata mwenyewe kijijini Kizuka. Sauti yake ilikwaruza, na hakumaliza maneno bila kusema, "Wallahi, mie sina neno." Basi yule wa kwenye filamu alipokoroga chungu, nikakwaruza: "Kula, mukwe wangu. Wallahi, mie sina neno."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko.

"Ni yeye! Ni yeye kabisa!" mvuvi mmoja akapiga kelele, akijipiga mapaja.

"Weye, iko siku atakusikia!" mwingine akanionya, huku naye anacheka.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Unajua jinsi sisi wa pwani hii ya ziwa tunavyoiogopa sumu. Mwenye nyumba huonja pombe kwanza ndipo ampe mgeni, na hiyo ni heshima. Lakini muuza mafuta haonjeshwi mafuta yake. Siku chache baadaye nilikuwa sokoni nikamsikia mteja akimwambia, "Mama Zaina, onja kwanza weye." Huyo alitania. Mama Zaina akacheka, akachovya kidole, akalamba. Aliyemfuata akataka vilevile, na huyo hakucheka. Kisha watoto wakawa wanamwimbia, "Mie sina neno!" Haukupita muda, bidoni zake za mafuta zikawa zinarudi nyumbani zimejaa kama zilivyotoka.

Nilijaribu kurekebisha. Kabla ya filamu nyingine nikasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, yale ya sumu niliyatunga mimi. Mama Zaina hana kosa." Watu walicheka hadi machozi. Walidhani na hilo limo katika mchezo. Kinywa nilichokizoeza uongo, siku nilipokihitaji kwa kweli, hakikusadikika.

Ndipo nikaenda kwake.

"Amahoro, mutoto wangu. Karibu," akasema, akanitandikia mkeka. Akamimina chai. Kabla ya kunipa kikombe alinywa funda moja, akameza, kisha akafunua mdomo ili nione kwamba amemeza. Usoni hapakuwa na kejeli hata kidogo. Alikuwa amezoea tu.

Mwanangu, nimezeeka, na bado sijaona aibu inayofanana na ile.

"Mama, nisamehe," nikasema.

Akanisogezea kikombe. "Nimekusamehe. Lakini mimi si mununuzi wa mafuta yangu. Wanaonunua ndio walionikimbia."

Baadaye alihamia Kabonga kwa kaka yake, aanze upya, mtu mzima yule, kwa watu wasioijua sauti yake. Wapo wasemao alifanikiwa. Mimi sikwenda kuuliza. Kabonga si mbali, gari zipo kila siku, sikwenda.

Wahenga husema mchezea wembe humkata. Wangu ulimkata mwingine.

Basi, huko watakufundisha kamera, mwanga, na kukata picha na kuziunga. Jifunze vyote. Lakini filamu inapokwisha, usibaki kukitazama kioo. Simama mlangoni uwaangalie wanaotoka, uwafuate hadi sokoni, usikie wanamsema nani. Somo lenyewe liko huko. Ukitamani uso wa mtu au sauti yake, mwombe kwanza. Akikataa, acha, hata kama hutapata tena kicheko kizuri kama hicho. Na ukimkosea, usidhani kipaza sauti kitakuombea radhi. Nenda mwenyewe, mapema, na urudi tena kumwangalia. Mimi nilikwenda mara moja nikajiona nimemaliza.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe jicho lenye haya na mkono mwepesi wa kuacha. Kila utakayemwonyesha kwa watu, amjalie kuamka kesho yake na jina lake likiwa zima. Amina.