Fuko wa Angurai na Mikono Yangu Safi

Shangazi alinipigia simu mvua zilipoanza. Fuko walikuwa wamevamia malisho yake kule Angurai, wakila mizizi ya nyasi chini kwa chini, naye alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Nyange. "Nyasi ikiisha, nitampeleka kwa rafiki yetu ng'ambo ya mpaka amlishe," alisema. Kwa desturi, anayekulishia ng'ombe ndiye anayekunywa maziwa. Na mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita nyanya, hakuwa akimeza kitu ila uji wa maziwa.

Nilimwambia nakuja kesho. Nilienda baada ya wiki tatu.

Sikuwa mgonjwa. Kutega fuko nilijifundisha mwenyewe, kwa video na kwa kujaribu nyuma ya nyumba yetu Mundika, karibu na Busia, na niliogopa kuchekwa. Nilichora mtego, nikafuta, nikachora tena. Fito zilizopinda nilizitupa. Shangazi alipopiga simu tena, niliiacha ikalia hadi ikanyamaza.

Malaba, saa tano asubuhi. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wamelala chini yake. Mwenye bodaboda alitazama mzigo wangu wa fito.

"Boss, hizo ni za kuchoma mishikaki?"

"Ni za kutega fuko."

"Kwani Angurai miti imeisha?" Alicheka njia nzima.

Angurai, saa saba. Kutoka barabarani malisho yalionekana ya kijani, nikapumua. Nilipoingia, mguu ulizama. Nilivuta nyasi kidogo, ikanifuata mkononi kama kofia, haina mzizi. Vichuguu vya udongo mwekundu vilifika hadi kwenye ua, na hapo Nyange alikuwa amefungwa, akitafuna mabua makavu ya mahindi. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Umefika." Ningependa angenigombeza.

Jioni hiyo nilitega mitego kumi na miwili. Fuko huchukia tundu lililo wazi. Akija kuliziba, anagusa uzi, ufito unafyatuka na kitanzi kinamnasa. Kila nilipomaliza mtego mmoja nilinawa mikono kwa sabuni, nikaenda mwingine.

Asubuhi, matundu yote yalikuwa yamezibwa kutoka ndani. Hakuna ufito uliofyatuka. Nilipima upya kila uzi, nikatega tena. Siku ya pili, vivyo hivyo. Nyanya aliuliza kutoka kitandani kama fuko wamepatikana. Nilijifanya sijasikia.

Siku ya tatu alikuja Amoit, jirani anayewategea watu fuko. Alinusa uzi, kisha akanishika mkono akaunusa pia.

"Sabuni ya kunukia! Wewe kijana, unatega fuko ama unaenda harusi?"

"Nilitaka kazi iwe safi, mama."

"Fuko haoni huo usafi wako. Lakini pua ako nayo."

Alichota udongo wa tundu lenyewe akanipaka hadi kwenye viwiko, akakata kijiti kilichopinda kutoka kwenye ua, akakitega. Hata hakukipima. Kabla jua halijatua kilifyatuka. Kufikia kesho yake jioni tulikuwa na fuko tisa, na Amoit akawabeba kwenda kuwachoma. "Ungekuja mwezi jana," alisema akiondoka, "wangekuwa watatu tu."

Nilimwendea shangazi nikitaka kusifiwa, nakiri. Alitazama malisho nyuma yangu. "Na nyasi je?" aliuliza. Fuko akifa, mzizi haufufuki.

Siku ya tano, alfajiri, Nyange alikamuliwa. Nyanya alikunywa nusu kikombe, akasema kilichobaki afunikiwe, atamalizia jioni. Hakuna aliyemweleza kwamba hayo ndiyo maziwa ya mwisho. Tulimswaga Nyange polepole hadi Malaba, ambako rafiki yule alikuwa akitungoja na kamba yake mwenyewe, kwa maana ng'ombe hukabidhiwa lakini kamba ya kwao hurudi nyumbani. Nyange aligeuka mara moja, akapotea kati ya malori.

Shangazi alikunja kamba yake. Hakuwa na hasira. "Wiki tatu, mwanangu," alisema, akaniaga.

Nilikuwa nimezoea kusema nachelewa kwa sababu napenda kazi nzuri. Njiani kurudi Busia nilijua ni woga, na kwamba mtu mwingine ndiye anayelala njaa kwa sababu ya woga huo. Nilifika Mundika jioni, udongo bado kwenye kucha. Mama aliniletea maji na sabuni. Nilikumbuka kikombe kilichofunikwa, na kwamba saa hiyo nyanya alikuwa akikimaliza.