Ndege Asiyemtazama Baba

Wiki nzima sikupata usingizi kwa sababu ya swali ambalo siwezi kumuuliza yeyote niliyesoma naye chuoni: nyumba yetu ya mtaa wa Mbotela ikibomolewa, Baba ataingilia wapi? Baba alifariki nikiwa darasa la nne.

Ngoja nikueleze polepole, maana hofu ikinishika huwa narukaruka. Mama alinipigia simu kusema nyumba za zamani zinaangushwa zijengwe magorofa. Yeye amepata vyumba viwili Kariobangi, na mimi niende kuteremsha picha. "Zile za ndege," alisema. "Mimi sizigusi." Nina digrii ya takwimu. Mtu mwenye akili zake angeanza kutafuta magazeti ya kufungia vioo vya picha. Mimi nililala chali nikiitazama dari, nikipima kila uwezekano, hata ule ambao hauwezekani.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa kulala ulinuka sabuni na nguo za kanisani. Upande wa kukaa ulinuka mafuta ya taa, mboga ya mrenda na samaki wa kukaanga. Kama nyumba nyingi za wakati huo, picha zetu zilitundikwa juu kabisa, karibu na dari, zikainamishwa mbele kwa uzi ili zituangalie. Tofauti ni kwamba majirani walitundika harusi na mahafali. Sisi tulitundika ndege wa msituni. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya stuli na kuvifuta vioo vyao kwa gazeti lililoloweshwa maji.

Baba alikuwa karani wa reli. Siku yake ya mapumziko alitoka kabla jua halijachomoza, kamera shingoni, chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha mfukoni, akaenda msitu wa Karura. Hakuwinda ndege kama wapiga picha wengine. Aliketi, akaegemea mti, akapiga mluzi wa ndege anayemtaka hadi ndege mwenyewe aitikie.

"Ukimfuata utapata picha ya mkia," alinifundisha. "Mwite, akuje mwenyewe."

Alikuwa na pengo la jino mbele, kwa hiyo mluzi wake uliishia na pumzi ndogo, fyuu, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Ndege walikuja kumtafuta huyo mwenzao mwenye lafudhi ngeni. Ndiyo maana kwenye picha zake zote wanaitazama kamera moja kwa moja. Na ndiyo maana, tulipokaa kula, walitutazama sisi. Nilibadilisha viti. Wakanifuata kwa macho.

Jirani yetu, mama aliyeuza sukuma wiki na kufuga kuku nyuma ya nyumba, alikuja kila picha mpya ilipotundikwa. "Baba yenu anajua kufuga," alisema. "Wake hawali, hawachafui. Wangu jana wamekula sabuni." Baba alicheka mpaka pengo likaonekana lote.

Jumamosi moja hakurudi. Askari wa msitu alimkuta ameketi, ameegemea mti, kamera mapajani, moyo umesimama. Alidhani amelala.

Nyanya, mama yake Baba, alikuja kutoka magharibi siku iliyofuata. Hakulia mbele yetu. Alitaka jambo moja tu: kabla ya safari ya kwenda kuzika, mtu wa damu aende pale msituni, amwite Baba kwa jina lake la nyumbani, kisha atembee naye hadi Mbotela, akimwambia kila njia panda wamefika wapi, bila kumsalimu mtu na bila kugeuka nyuma. Mtu aliyefia nje, alisema, hurudishwa kwanza kwa mlango aliotokea asubuhi ile. Asipoitwa, hubaki akiendelea na alichokuwa akifanya.

"Mama, sisi tumeokoka," Mama alimwambia. "Mtoto wako yuko na Bwana."

"Basi Bwana amwambie kwamba amekufa. Yeye anangoja ndege."

Hakuna aliyeenda. Tulimzika, na tuliporudi Mama alipeleka filamu ya mwisho kuoshwa studio moja ya Eastleigh. Picha zilitoka zote nyeusi isipokuwa moja: kulukulu, yule ndege wa kijani mwenye mkia mrefu na wekundu uliofichwa mabawani, ametua tawini, karibu sana. Hakuitazama kamera. Alikuwa akitazama juu yake kidogo, kitu kilichokuwa nyuma ya Baba. Mama aliitundika katikati ya nyingine, kwa kuwa ndiyo iliyobeba kitu cha mwisho Baba alichokiona. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyekaa chini yake aligeuka kutazama nyuma ya kiti chake, bila kujua kwa nini.

Mwaka huohuo, alasiri moja, nilitoka shule nikakuta mlango una kufuli. Mama hajarudi kutoka kazini. Nilikaa kizingitini nikitafuna mahindi. Juu ya mabati walikuwepo kunguru na mwewe, ndege wetu wa kila siku. Kisha ndani ya nyumba, nyuma ya mgongo wangu, ukapigwa mluzi. Mrefu, unapanda, halafu fyuu.

Jirani alikuwa anakata sukuma. Aliinua kichwa akatabasamu. "Baba yenu amerudi mapema leo?" Kisha akakumbuka. Aliuziba mdomo kwa mkono uliokuwa bado umeshika kisu, akanivuta nikakae kwake.

Tangu hapo nimesoma mengi. Nimesoma kwamba wapo ndege wanaoiga miluzi ya watu, na huenda mmoja wao alijifunza ule wa Baba. Sijasoma popote jinsi angeingia kwenye nyumba yenye kufuli. Nyanya alipokaribia kufa aliniuliza kama kuna aliyekwenda. Nilimwambia bado. Alisema, "Huko mvua inamnyeshea," akageukia ukuta.

Basi baada ya ile wiki bila usingizi nilimpigia Mama. "Nakuja Jumamosi. Mlango usiufunge."

"Nimekwambia picha utateremsha wewe."

"Si picha, Mama."

 Akakata simu.

Karura siku hizi kuna njia za baiskeli na watu wanaokimbia wakiwa na vifaa vya masikioni. Niliacha njia, nikafika mahali palipokaribia maelezo ya yule askari, nikasimama chini ya mti nikiona aibu. Nilimwita Baba kwa jina la nyumbani. Sauti yangu ilitoka ndogo. Nikamwita tena. "Ni mimi. Umemaliza. Twende."

Msitu ulinyamaza. Halafu nyuma yangu, karibu kiasi cha mkono, ukaja mluzi na ile pumzi mwishoni. Nilijiambia ni ndege. Sikugeuka kuhakikisha.

Nilitembea kwa miguu. Hapa tumevuka barabara kubwa, Baba. Hapa ni Pangani. Hapa Eastleigh, ile studio haipo, wanauza simu. Kijana mmoja alinisalimu kama vijana wanavyowasalimu wasichana, "Niaje, msupa, unaongea na nani?" Sikumjibu. Hapa ni barabara ya Jogoo, ngoja magari yapite. Hapa alikaa yule mama wa sukuma. Amehamia kwa mwanawe. Nyumba nyingi mtaani zilikuwa tayari hazina watu, na zilizobaki zilikuwa zimefungwa.

Mlango wetu ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe. Mama alisimama ndani amevaa nguo yake ya kanisani. Hakunisalimu. Alisogea hadi mgongo wake ukagusa ukuta, kama anayewapisha watu wenye mzigo, akaniacha niingie. Aliendelea kusimama vile vile nilipokwisha kupita. Kisha akalisukuma jiwe kwa mguu, akaufunga mlango, akaniletea stuli.