Ndama Watano Ndani, Watano Nje

Nilipostaafu unesi nilidhani nimemaliza kuhangaika na viumbe wasioweza kusema wanaumwa wapi. Kwa miaka mingi nilipima watoto kliniki, nikiandika kilo zao kwenye kadi. Kisha shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akaja na wazo la kunenepesha ng'ombe wa nyama. Tukanunua ndama dume kumi kwa mfugaji mmoja, wote waliozaliwa msimu mmoja, tukagawana watano watano.

Ndama wake aliwapeleka kwake karibu na Luanda Kotieno, wakachungwe kando ya ziwa. Wangu walibaki nami Nyamasaria. Ploti yangu ni ndogo, hivyo ikabidi wafungiwe bandani na kuletewa kila kitu.

"Umewalaza wodini," shemeji aliniambia alipoliona banda. "Ng'ombe ni kutembea, Mama."

"Wako watatembea mpaka nyama iishe," nikamjibu.

Miezi ya kwanza nilikuwa mbele yake. Kilikuwa kiangazi, na ng'ombe wake walitoka asubuhi kutafuta nyasi mbali, wakarudi ziwani kunywa, wakaondoka tena. Walichokula kiliishia njiani. Wangu walikula nyasi za nepia nilizowakatia, na molasi kidogo juu yake. Kila Jumamosi niliwazungushia kifuani ile tepu ya kukadiria uzito, na kila Jumamosi ilisonga mbele. Nilimpigia shemeji simu kumsomea kilo. Akauliza habari za mume wangu, ambaye huendesha lori na huja nyumbani mara moja kwa mwezi.

Lakini kazi yenyewe! Anayechunga hubeba fimbo. Mimi nilibeba nyasi, nikabeba maji, kisha nikabeba samadi. Kila asubuhi nilikata nepia kwenye kipande nilichokodi karibu na mto, nikajitwika mzigo huku umande ukinishuka shingoni. Magoti yangu yalikuwa yameshachoka tangu hospitalini. Nikimaliza kujaza hori, lile sanduku refu la mbao la kulishia, wa kwanza kula alikuwa tayari ananitazama tena.

Halafu mvua ikaja. Sakafu sikuwa nimeitia saruji. Niliona udongo utatosha. Udongo wetu ule mweusi ukinywa maji huwa kama uji. Ulipanda mpaka juu ya kwato, ukachanganyika na samadi, nami nikawa nauchota kwa sepetu asubuhi na kuukuta palepale jioni. Tepu ikakwama. Jumamosi tatu mfululizo, kilo zilezile. Nikaongeza chakula. Wale wawili wakubwa wakawasukuma wenzao na kukila chote, na bado wao wenyewe hawakuongezeka. Kisha mmoja mwenye paji jeupe akaanza kuchechemea. Nilipoinua mguu wake, harufu iliyotoka katikati ya kwato niliijua vizuri. Ilikuwa harufu ya kidonda kilichoachwa.

Afisa mifugo alikuja na gambuti zake za mpira, akamdunga sindano, kisha akasimama akiwaangalia wote.

"Wanalala saa ngapi, Mama?"

Nikafikiri. Sikukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimwona mmoja wao amelala.

"Chakula chako hakina kosa," akasema. "Ng'ombe hulala ndipo acheue vizuri. Hawa wamechoka kusimama."

Aliondoka, nami nikajishika kwenye nguzo ya banda na kulia. Sikulia kwa ajili ya ng'ombe peke yao.

Nilimpigia shemeji nikijiandaa kuchekwa. Alikuja kesho yake amebeba jembe, uso umemlegea. Hakutaja wodi. Aliniambia kwamba mvua ilipoanza, nyasi mpya ziliwapa ng'ombe wake mwili haraka, mpaka akataka kunipigia simu anitambie. Lakini ziwa likapanda, likaingia malishoni na kuacha gugumaji mahali palipokuwa na nyasi. Sasa alikuwa anachunga kandokando ya barabara, na mbavu zao zilihesabika.

"Nilikuwa nakuja kukuomba nafasi," akasema.

"Nafasi gani? Huoni hili tope?"

"Tulitoe basi."

Tulilitoa kwa siku nne, wazee wawili wenye migongo mibovu. Tuliweka mawe, juu yake changarawe, tukainamisha sakafu ili mkojo na maji yatiririke nje. Tukarefusha banda, tukagawa hori kwa mbao ili wadogo wale bila kusukumwa. Siku tuliyowarudisha ndani ng'ombe wangu, waliokuwa wamefungwa nje, walinusanusa ile sakafu kavu, kisha mmoja mmoja wakapiga magoti na kulala. Shemeji akavua kofia.

Ng'ombe wake walipofika, naye akabaki nao, tukawafuga wote pamoja. Mchana yeye aliwapeleka kwenye mashamba yaliyovunwa mahindi, jioni waliingia kula nepia niliyokata. Wale wake waliokonda ndio waliojaa upesi kuliko wote, kana kwamba walikuwa wanalipiza njaa. Niliona wivu kwa wiki moja, kisha nikachoka hata kuona wivu. Yule mwenye paji jeupe alipona, ila hakuwahi kuwafikia wenzake.

Mchinjaji aliwachukua wote asubuhi moja. Lori lilipoondoka, shemeji alibaki ameegemea geti.

"Sasa tumejua njia," akasema. "Tulete kumi wengine?"

"Shemeji, aol," nikamwambia kwa Kijaluo. Nimechoka. Kwa Kiswahili neno hilo lingesikika kama kisingizio cha adabu tu.

Nilingoja abishe. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akanyoosha miguu.

"Hata mimi," akasema.

Nikaenda kuweka chai jikoni. Niliporudi nayo alikuwa amesinzia palepale, mdomo wazi, nami sikumwamsha.